Gari Hutengenezwa kwa Ajili ya Nani?

Kila chombo kinachomtumikia mwanadamu kina gharama za namna mbili. Gharama ya kwanza hulipwa na mwenye chombo. Ya pili hulipwa na watu wasiokuwa na chombo hicho, na aghalabu hawakuulizwa kama wako radhi kuilipa. Mwenye gari hulipa bei ya gari, petroli, tairi na ujira wa fundi. Mpita njia, mchuuzi wa kando ya barabara na mtoto aliyelala katika nyumba iliyo karibu na njia kuu hulipa kwa mapafu yao. Sheria ya ukaguzi wa magari ilitungwa ili gharama hizi mbili zisitengane mno. Humwambia mwenye gari kwamba hana ruhusa ya kulitembeza mpaka aondoe ndani yake madhara ambayo wengine wangeyabeba.

Sheria hiyo imezaa swali ambalo si la mafundi peke yao. Gari lililoshindwa katika ukaguzi hupelekwa gereji. Je, fundi hulitengeneza ili liwe zima, au ili lifaulu? Mambo haya mawili hudhaniwa kuwa ni jambo moja, na mara nyingi huwa jambo moja kweli. Lakini ziko siku yanapoachana, na siku hizo ndizo zionyeshazo mwenye gari anaamini kuwa ana deni kwa nani: kwa mkaguzi, au kwa mtu avutaye hewa nyuma ya gari lake.

Mahali pafaapo kulichungua swali hili ni jimbo la California katika Marekani, kwa kuwa huko asili ya moshi wa magari ilifahamika mapema, na sheria za kuupunguza zikawa kali kuliko za nchi nyingi. Mwezi wa Julai 1943 mji wa Los Angeles ulifunikwa na ukungu mzito uliochoma macho na koo za watu, hata wengine wakadhani kuwa adui wa vita vya wakati ule ameushambulia mji kwa gesi ya sumu. Hapakuwa na adui. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, Arie Haagen-Smit, mtaalamu wa kemia aliyezaliwa Uholanzi na kufundisha katika chuo cha California Institute of Technology, alionyesha jinsi mvuke wa mafuta yasiyoungua na oksidi za nitrojeni, zikipigwa na jua, zinavyozaa ozoni na hewa kali ya kuwasha. Sehemu kubwa ya vitu hivyo ilitoka katika magari. Wakazi wa mji walikuwa wamejifukiza wenyewe, kila mmoja kwa kiasi kidogo asichoweza kukiona.

Ugunduzi huo una maana kubwa katika elimu ya maadili. Maadili ya kale yalimfahamu vema mtu aliyempiga mwenziwe kwa fimbo, kwa kuwa mpigaji, fimbo na mpigwaji walionekana pamoja. Moshi wa gari hauna ushahidi wa namna hiyo. Hakuna mgonjwa wa kifua awezaye kulinyoshea kidole gari fulani akasema kwamba hilo ndilo lililomletea kikohozi. Dereva mmoja akiacha kulitengeneza gari lake, hewa ya mji haibadiliki kwa kiasi cha kutambulika. Wakiacha madereva milioni, mji huugua. Kwa hiyo kila mmoja ana udhuru, na udhuru wa kila mmoja ukijumlishwa na wa wenziwe huwa maradhi ya wote. Ukaguzi ni njia ya kumrudishia kila mtu fungu lake la dhamana iliyotawanyika. Humwita mwenye gari kwa jina, kwa namba ya gari lake na kwa tarehe maalumu, asipate nafasi ya kujificha katika umati.

Tofauti ya breki na moshi yafaa kuangaliwa hapa. Breki mbovu humtisha mwenye gari mwenyewe, maana gari lisilosimama laweza kumtupa korongoni pamoja na jamaa zake. Kujipenda tu kwatosha kumpeleka kwa fundi. Moshi hauko hivyo. Huachwa nyuma, na mwenye kuutoa huwa amekwisha kufika mbele. Gari lililoondolewa kifaa cha kusafisha moshi laweza kwenda mbio vilevile na kubeba mzigo uleule. Kati ya matengenezo yote yanayodaiwa na mkaguzi, matengenezo ya moshi ndiyo yanayoupima uadilifu kwa usahihi zaidi, kwa sababu faida yake kubwa haimwendei alipaye. Huwaendea watu asiowajua na ambao hawatamshukuru.

Jimbo la California lilianza ukaguzi wake wa moshi mwaka 1984. Magari mengi hutakiwa kupimwa kila baada ya miaka miwili. Ya petroli yaliyotengenezwa mwaka 1975 na kabla yake yamesamehewa, na yaliyo mapya hupewa muhula. Gari la zamani hupimwa moshi wenyewe utokao katika bomba lake. Gari la petroli la mwaka 2000 na baadaye, kwa kawaida, huulizwa habari zake kwa waya, kwa maana magari yanayouzwa Marekani tangu yale ya mwaka 1996 yana kompyuta inayoilinda injini usiku na mchana. Kompyuta hiyo ikiona kasoro itakayozidisha moshi kupita kadiri, huwasha taa mbele ya dereva na kuandika kosa hilo katika kumbukumbu yake. Ukaguzi, basi, ni mazungumzo baina ya kompyuta mbili: moja huuliza, na moja hujibu.

Taa hiyo ikiwaka, fundi mwaminifu huwa na kazi ya kufikiri. Katika bomba la moshi kuna kifaa kilichoumbwa kama sega la nyuki, chenye vijitundu vingi vilivyopakwa madini ya thamani, yaani platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo, kaboni monoksidi na mafuta yasiyoungua hugeuzwa kuwa kaboni dioksidi na maji, na oksidi za nitrojeni hugeuzwa kuwa nitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa ya kawaida. Kifaa hicho kikifa, gari hushindwa katika ukaguzi. Lakini mara nyingi hakifi kwa maradhi yake mwenyewe. Plagi mbovu isiyowasha vizuri hupeleka petroli mbichi katika bomba, nayo huungua ndani ya sega na kuliyeyusha. Ringi za pistoni zilizochakaa huruhusu oili kupanda na kuungua, na majivu yake huziba vijitundu. Fundi anayebadili sega peke yake, akaiacha plagi au ringi kama zilivyokuwa, amelipatia gari cheti cha leo na kuliandalia maradhi yaleyale ya kesho. Waswahili husema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa ugonjwa hauumbui kwa kifo. Huumbua kwa taa ileile kuwaka tena baada ya miezi michache, na mwenye gari kulipa mara ya pili kwa kitu alichodhani amekwisha kukilipia.

Fundi wa namna hii hajadanganya mtu. Amekosa kufikiri tu, au amebanwa na mteja asiyetaka kulipa zaidi. Yuko mwingine ambaye hana nia ya kulitengeneza gari hata kidogo. Yeye hutengeneza jawabu. Hila nyepesi ni kuifuta kumbukumbu ya kompyuta, ama kwa kifaa cha gereji, ama kwa kufungua waya wa betri. Taa huzimika, na gari huonekana halina kosa. Waliotunga vipimo waliitambua hila hii. Kompyuta iliyofutwa hupoteza pia majawabu ya majaribio inayojifanyia yenyewe, na huwa kama shahidi aliyesahau kila kitu. Basi mashine ya ukaguzi huuliza kama majaribio hayo yamekamilika, na yasipokamilika gari halipewi cheti mpaka litembezwe na kujipima upya. Tangu Julai 2019 California hutazama pia kumbukumbu za kudumu zilizomo katika magari ya karibu zaidi, ambazo kifaa cha fundi hakiwezi kuzifuta. Huondoka pale gari lenyewe linapothibitisha kwamba kasoro imekwisha. Kuna maana nzito katika utaratibu huo. Kusahau kosa si sawa na kutokuwa na kosa, na msamaha wa kweli hufuata matengenezo.

Hila ya pili ni mbaya zaidi, kwa kuwa yahitaji watu wawili. Mkaguzi aliyehongwa huupima moshi wa gari zima na kuandika matokeo yake kwa jina la gari bovu. Hapo cheti huwa kweli kwa kila neno lililomo isipokuwa moja, yaani jina. Hatia ya mkaguzi huyu yapita ya mwenye gari. Mwenye gari ameiibia hewa ya watu kwa gari moja; mkaguzi ameiuza imani ambayo kwayo vyeti vyote hupokewa, hata vile vilivyopatikana kwa haki.

Hata hivyo, hila za gereji za vichochoroni ni ndogo zikilinganishwa na ile iliyotengenezwa katika kiwanda. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia walitangaza matokeo ya kupima magari ya dizeli yakiwa barabarani, kwa mashine zilizobebwa ndani ya magari yenyewe. Gari moja la Volkswagen lilitoa oksidi za nitrojeni mara 15 hadi 35 ya kiasi kilichoruhusiwa, na la pili mara 5 hadi 20, ingawa magari ya namna hiyo yalifaulu vizuri yalipopimwa katika maabara. Maofisa wa California na wa serikali ya Marekani walidai maelezo kwa miezi mingi. Mwezi wa Septemba 2015 ukweli ukatangazwa. Ndani ya kompyuta za magari hayo mliwekwa programu iliyotambua, kwa mwendo wa gari, kwa jinsi usukani ulivyotulia na kwa ishara nyingine, kwamba gari linapimwa. Ndipo ilipousafisha moshi kikamilifu. Gari liliporudi barabarani, usafishaji ulipunguzwa. Katika Marekani magari ya injini ya lita mbili yaliyohusika yalikuwa karibu 482,000, na kiwanda kilikiri kuwa duniani kote yalikuwa kama milioni 11. Mwaka 2017 kampuni hiyo ilikubali makosa ya jinai mbele ya mahakama ya Marekani, ikatozwa faini ya jinai ya dola bilioni 2.8, na wahandisi wake walifungwa.

Lugha ya Kiswahili inalo neno linalolifaa jambo hili, nalo ni ria: tendo jema litendwalo kwa ajili ya macho ya watu. Mwenye ria hutoa sadaka akitazamwa, na mkono wake hufunga watazamaji wakiondoka. Magari yale yalifundishwa ria. Uwezo wa kusafisha moshi yalikuwa nao, kama mwenye ria alivyo na fedha ya kutoa. Lililokosekana ni kuutumia mahali ulipohitajiwa. Zaidi ya hayo, waliolipa bei ya gari hawakujua. Wengi wao waliyanunua magari hayo kwa sababu walitangaziwa kuwa ni safi. Walikuwa na nia njema, wakafanywa vyombo vya kuwadhuru jirani zao. Jambo hili laonyesha kwamba dhamiri ya mwenye gari, hata iwe safi namna gani, haitoshi peke yake. Yahitaji uaminifu wa aliyekitengeneza chombo na wa anayekipima.

Huenda mtu akasema kwamba mzigo huu wa maadili umezidi. Sheria imeweka kipimo, naye mwenye gari ana wajibu wa kukifikia kipimo, basi. Akiambiwa kuwa gari lake litoe chini ya kiasi fulani, naye akalifikisha chini ya kiasi hicho kwa nukta moja, nani awezaye kumlaumu? Hoja hii ina nguvu, na yafaa ijibiwe kwa uadilifu. Kipimo ni mapatano ya watu wengi: madaktari wangalipenda kiwe cha chini zaidi, wafanyabiashara wangalipenda kiwe cha juu, na watunga sheria walichagua mahali pa kati. Mtu aliyelitengeneza gari lake kweli, likapita kwa nukta moja, ametimiza ahadi yake katika mapatano hayo. Si lazima awe mtakatifu wa hewa. Anayelaumiwa ni yule aliyekata uzi unaokiunganisha kipimo na kitu kinachopimwa. Wa kwanza ana gari lenye moshi kidogo na karatasi inayosema moshi ni kidogo. Wa pili ana karatasi tu. Cheti ni shahidi, na mtu aliyemnunua shahidi hajalitenda jambo linaloshuhudiwa.

Jawabu hili lingetosha kama kila mwenye gari angekuwa na fedha ya kulitengeneza. Hapa ndipo swali linapokuwa gumu kwelikweli. Gari kuukuu la kibarua wa California huenda likawa na thamani ndogo kuliko sega jipya linalokubaliwa na sheria za jimbo hilo, ambazo huchagua hata namna ya sega litakalofungwa. Bila gari hawezi kufika kazini, maana miji ya huko ilijengwa kwa kutegemea magari, na mabasi hayafiki kila mahali. Bila kazi hawezi kupata fedha ya kulitengeneza gari. Tajiri, kwa upande wake, hununua gari jipya ambalo bado limo katika muhula wa kutopimwa. Hivyo sheria iliyotungwa kumlinda dhaifu dhidi ya moshi yaweza kumwangukia dhaifu mwingine, na pengine wote wawili wanaishi mtaa mmoja, kando ya barabara ileile kubwa.

Ni kanuni ya zamani kwamba mtu hawajibiki kwa asiloliweza. Lakini kutokuweza kwa mmoja hakuufuti wajibu. Huupeleka kwa mwingine. Moshi wa gari la maskini haupungui ukali kwa sababu mwenyewe ni maskini, na mtoto anayeuvuta hapunguziwi kikohozi kwa hoja hiyo. Hewa ikiwa mali ya wote, basi wote wana sehemu katika gharama ya kuisafisha. California hutenda jambo linalokaribia kanuni hii: ina mpango unaowasaidia wenye kipato kidogo kulipia matengenezo ya moshi, na kuwalipa watu wanaokubali kuliacha gari lililoshindwa livunjwe. Wako wanaoona kwamba huku ni kumtuza mkosaji. Lakini aliyefika mbele ya mkaguzi na gari bovu, akakubali matokeo, hakukosa. Kasoro ilikuwa katika chuma chake. Mkosaji ni yule aliyekuwa na fedha akachagua hila. Sheria inayowatupa wawili hawa katika fungu moja huwafundisha maskini kwamba uaminifu ni anasa ya wenye mali, na fundisho hilo huleta madhara ya miaka mingi kuliko moshi.

Gari linalovunjwa hukoma kutoa moshi. Gari lililoshindwa lakini lisivunjwe huweza kupakiwa merikebuni, nalo likapata maisha mapya mahali pasipo na ukaguzi mkali. Mwaka 2020 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yalipelekwa ng'ambo kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na fungu lililo kubwa kuliko yote liliingia Afrika. Mwaka huohuo wakaguzi wa Uholanzi waliyachunguza magari yaliyokuwa yakisafirishwa kwenda Afrika kutoka bandari zao, wakaona kuwa mengi yalikuwa na umri wa miaka 16 hadi 20, na mengi hayakuwa na cheti halali cha ukaguzi siku ya kuondoka. Mengine yalikuwa yamenyofolewa sehemu zenye thamani. Gari lililoshindwa Ulaya hufaulu kwa kuhama.

Afrika ya Mashariki haikukaa kimya mbele ya jambo hili. Kenya haipokei gari lililopita miaka 8. Petroli yenye risasi, ambayo huua sega la kusafisha moshi, iliondolewa katika nchi za kusini ya Sahara kufikia mwaka 2006, na tangu mwaka 2015 Kenya na majirani zake walianza kuagiza dizeli yenye salfa kidogo. Magari mengi ya Mombasa na Dar es Salaam hutoka Japani, ambako gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama za ukaguzi huo ni sababu mojawapo ya Wajapani kuyauza magari ambayo bado ni mazuri. Kwa hiyo gari linaloshuka bandarini mara nyingi lina sega zima chini yake. Linaloamua yatakayofuata ni gereji ya kwanza. Sega likiziba, fundi hushauri lipasuliwe ili injini ipumue; au mwenye gari husikia kwamba madini yaliyomo yana bei, akaliuza. Mahali ambapo mkaguzi hutazama breki, taa na tairi tu, hakuna atakayeuliza. Kifaa ambacho nchi ya mbali ilikilazimisha kwa sheria hutolewa kwa nyundo na patasi katika dakika chache, na hakuna sheria iliyosikika ikilia.

Wajibu wa kutolitoa ulikuwapo kabla ya mkaguzi, na utakuwapo hata asipokuja. Mkaguzi hakuuumba, alipewa kazi ya kuwakumbusha wanaosahau. Nchi yenye wakaguzi wengi na watu wenye ria itapata vyeti vingi na hewa chafu. Nchi yenye watu waadilifu na isiyo na mkaguzi itapata nafuu kiasi, lakini haitajua imefika wapi, na waadilifu wake watachoka kubeba mzigo ambao wajanja wameutua. Vinahitajiwa vyote viwili, pamoja na mkono wa kumsaidia asiyeweza. Na fundi anayeulizwa na mteja kama kazi hii itamfaulisha aweza kumjibu kwa swali: kama ukaguzi ungefutwa kesho asubuhi, angelipia matengenezo gani, na angeyaacha yapi? Yale ambayo angeyaacha ndiyo kipimo cha deni lake kwa jirani.